Denise, Nitaendaje Bweyeye Bila Wewe?

Denise,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwepo waliporudisha udongo juu yako, kwa hiyo nianze na yangu. Mimi si mgonjwa, wala siwezi kusema sijambo. Nakula. Nachota maji. Mtu akichekesha nacheka, tena kwa sauti, mpaka Maman ananiangalia. Halafu naona kitu kidogo tu, msichana kasuka nywele kama ulivyosuka wewe, au kanisani mtu anakosea wimbo kwa ujasiri wote wa dunia, na nasahau nilichokuwa nafanya. Basi hiyo ndiyo hali.

Pia nimekukasirikia. Afadhali nikuambie mapema tusije tukawekeana kinyongo. Kesho asubuhi gari la parokia linaondoka kwenda Bweyeye, na safari hiyo yote ni jambo lako. Wewe ndiye uliyeitaka. Wewe ndiye uliyetuandikisha kwa Mzee katekista, mimi niko nyumbani nachambua maharage, sina habari. Ukaja mbio, ukasimama mlangoni unahema: "Josée, banatutuma! Mimi na weye!" Nikauliza nani anatutuma, na wapi. "Bweyeye. Kule kwa baridi." Nikakuambia mimi sina shughuli yoyote na baridi. Ukasema, "Weye unaogopaka kila kitu, hata jogoo." Kuhusu jogoo wa kwenu ni kweli, lakini yule jogoo alikuwa mkorofi na wewe ulimtetea kwa sababu hakukudonoa wewe.

Ulinieleza mambo yote umechuchumaa mbele ya ungo, ukijifanya unanisaidia, huku unatupa maharage mazuri pamoja na mabaya. Ile miezi iliyo wazi kati ya mtihani wa mwisho na chuo, badala ya kuimalizia nyumbani tukiangalia simu, tuende tukajitolee. Tufundishe watoto wadogo kusoma. Tusaidie kukandika nyumba za wajane, tulime matuta mlimani, tubebe wagonjwa kwenye kipoyi, ile machela ya miti, mpaka pale gari linapoweza kufika. Tukirudi ndipo tuombe chuo, wote wawili uuguzi, na wenzetu watakuwa hawajawahi kuinua mgonjwa hata mmoja. Ulikuwa umepanga mpaka nani atapika siku gani. Niliona kwamba siku zangu zilikuwa nyingi kuliko zako, nikaendelea kuchambua.

Si unamjua Mzee katekista na wawili wake. Yezu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, basi parokia yetu haimtumi mtu peke yake, hata kupeleka salamu ng'ambo ya kilima. Wawili wanapewa godoro moja, sufuria moja na jembe moja, na wanachaguana wenyewe. Alituambia, "Godoro moja haina fasi ya kuficha roho mubaya." Ulicheka mpaka akakutazama juu ya miwani. Ulipotoka nje ukasema basi utanilaza mimi kwenye majani, maana miguu yangu ni ya baridi kama ya maiti. Hilo neno ulilisema wewe, si mimi. Tulicheka njia nzima mpaka Nzahaha.

Halafu ukaenda Bugarama kumsaidia shangazi yako kuvuna mpunga, ukarudi na malaria. Malaria, Denise! Ugonjwa tunaougua tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Mimi hata sikushtuka. Nilikukuta umejifunika gubigubi, nikakutania kwamba unafanya mazoezi ya baridi ya Bweyeye. Uliniambia nikuletee uji wenye sukari nyingi. Kabla sijauleta walikuwa wamekwishakupeleka hospitali, na nilipofika hospitali na chupa yangu ya uji, muuguzi alinisimamisha mlangoni na kuniwekea mkono begani. Nikaelewa kwa ule mkono.

Sikujua mtu anafanya nini na uji wa mtu aliyekufa. Ningeumwaga wapi? Ningempa nani? Nilikaa nao kwenye benchi nje mpaka ukapoa, watu wakipita, na mwisho nikaunywa mwenyewe, kwa sababu ulikuwa na sukari na ulikuwa wako. Hiyo sijamwambia mtu mwingine.

Nikuambie yaliyobadilika. Kuku wako mweupe ametotoa, vifaranga vinaingia mpaka jikoni kwetu. Kwaya imempa sehemu yako binti mmoja wa Rwimbogo, anaimba vizuri, sauti haimpotei hata kidogo, na hakuna anayefurahi kumsikiliza. Na watu hawajui wamwiteje mama yako. Jina lake ni Maman Denise tangu ulipozaliwa, hakupata mtoto mwingine wa kumbadilishia. Sokoni wanaanza "Ma..." halafu wanakohoa. Yeye anawatazama tu mpaka wamalize kukohoa, halafu anauliza bei.

Siku ya kumaliza kilio watu walikunywa pombe ya mtama, wakaambiana "Mwihangane", vumilieni, wakaenda kulima. Ndivyo inavyopaswa kuwa, mashamba hayangoji. Kesho yake Mzee katekista akaja kwetu. Aliketi, akazungusha kofia yake magotini, akasema nafasi yangu ya Bweyeye bado ipo. Mwenzangu angeweza kuwa Clarisse, kwa sababu naye hana mwenza. Clarisse ni mtu mzuri. Anasali kwa sauti akiwa usingizini, lakini ni mtu mzuri. Nikasema nitafikiri. Tangu siku ile, kila nilipokutana naye nilimwambia bado nafikiri, na yeye alisema, "Fikiri, mwanangu," akaenda zake na ile karatasi yake mfukoni.

Sikuwa nafikiri, Denise. Nilikuwa nangoja uje uniambie. Wewe ndiye uliyekuwa unajua tunachotaka. Mimi tangu darasa la kwanza nilikuwa nafuata, na kufuata ni kazi nyepesi, nilidhani nina akili kumbe nina rafiki. Asubuhi nilikuwa naamka nasema nakwenda, kwa ajili yako, kila mtoto nitakayemfundisha herufi nitamfundisha kwa jina lako. Ikifika saa sita nasema siendi, nitakwenda kutafuta nini kwenye matope, mtu aliyenitia kwenye jambo hili ameniacha ndani yake. Jioni nilikuwa sijui.

Papa yeye alijua. Alisema, "Chuo haingojake muntu." Maombi ya chuo yanafunguliwa sisi tukiwa kule juu, na kule mtandao hauji mpaka upande mlima na kuinua simu. Nikikosa mwaka huu, nimekosa. Nilipomjibu kwamba mwaka mmoja si kitu, hakunifokea. Ningependa angefoka. Aliweka kikombe chini akasema, "Mimi nilingojaka mwaka moja, Josée. Ile mwaka ikanikula." Unajua alikulia Bukavu. Alipomaliza shule waliambiwa wangoje kidogo mambo yatulie, akangoja, na baada ya hapo kukawa na kuvuka mpaka kurudi huku, na shamba la watu, na ndoa, na sisi. Vitabu vyake vya fizikia bado viko juu ya kabati, panya wamekula pembe zake. Nitamjibu nini mtu kama huyo?

Nikamuuliza Maman. Maman akasema, "Fanya ile roho yako inakuambia." Roho yangu haisemi kitu. Nimeisikiliza mpaka nikachoka, ni kama redio iliyokwisha mawe ya betri.

Basi nikaamua kutokwenda. Sikuamua kwa nguvu, niliamua kama mtu anayekaa chini kwa sababu amechoka kusimama. Nikafikiri, kwanza nitamwambia mama yako, asije akasikia kwa watu. Nilipanga maneno njiani. Nilipanga hata mahali pa kunyamaza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anafua. Alikuwa amefua blanketi lako jipya, lile la mistari, ambalo mlilinunua Kamembe kwa ajili ya safari na hukujifunika nalo hata mara moja. Blanketi jipya linafuliwa kwa nini? Sikuuliza. Aliponiona akasema, "Kamata upande ile," hata salamu hakunipa, kwa sababu blanketi zito lenye maji mtu mmoja hawezi kulikamua. Nikashika. Yeye akasokota kulia, mimi kushoto, maji yakatumwagikia miguuni. Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni, lakini mikono ilikuwa na kazi. Tukasokota tena. Akaniambia, bila kunitazama, "Ukifika kule, uvaleke masoksi mbili. Denise hakusikiaka, lakini weye unasikiaka."

Nikasema, "Ndiyo, Maman."

Tukalianika. Akanipa viazi vitamu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akaketi kunitazama nikila, na kila nilipoacha kutafuna alisukuma sahani karibu yangu. Nilikula mpaka tumbo likauma. Nikaenda nyumbani na lile neno langu likiwa bado ndani, siwezi kulimeza wala kulitema. Siku nyingine nitakwenda, nilisema. Sikwenda.

Nikaona basi, nitakachofanya ni kukaa tu. Jumapili ya kutumwa wataita majina, waliopo watasimama, mimi nitabaki kwenye benchi na kila mtu ataelewa mwenyewe. Ni uoga, najua. Ungeniambia hata jogoo amenishinda tena. Lakini sikuwa na njia nyingine, nilikuwa nimeishiwa.

Jumapili ikafika. Nilikaa nyuma, karibu na ukuta, Papa upande wangu. Baada ya komunyo Mzee katekista akavaa miwani, akatoa karatasi mfukoni, ile ile. Akaanza kuita wawili wawili. Walioitwa walisimama kila mmoja mahali alipo, wakakutana katikati, wakaenda mbele, wakapewa mshumaa mmoja. Watu walipiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Nilikuwa natazama viatu vyangu na kuhesabu waliobaki.

Halafu akasoma, "Josée na Denise."

Hakuwa amekusudia. Kwa sababu sikuwa nimempa jibu, hakuwa amebadilisha kitu kwenye karatasi, na macho yake yalisoma yaliyoandikwa. Aliposikia mwenyewe alichosema, akavua miwani, akabaki ameishika. Kanisa zima likainua vichwa. Hata watoto, sijui nani aliwaambia.

Na upande wa wamama mtu akasema, "Niko."

Unakumbuka katekesimu, ulivyokuwa unachelewa kwa sababu ya mbuzi? Wakikuita, mama yako aliyekuwa anafagia uwanja wa kanisa alikuwa anaitika kwa niaba yako, "Niko," ili usiandikwe hukuja, ndivyo wazazi wote walivyofanya. Sijui kama Jumapili alikusudia, au masikio yake yalisikia jina na miguu ikasimama yenyewe kama ilivyozoea. Nimemtazama wiki nzima na bado sijui. Alisimama na kitenge chake cheusi, mkono mmoja umeshika mgongo wa benchi la mbele, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtu aliyeshtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Jirani yake alimgusa kitenge, taratibu, ili aketi. Hakuketi. Pengine aliona kwamba akiketi sasa itakuwa ni kukuzika mara ya pili mbele ya watu wote. Mimi hivyo ndivyo nilivyoona.

Kila mtu alikuwa anamtazama yeye. Halafu, kidogo kidogo, wakaanza kugeuka kunitazama mimi, kwa sababu majina yaliyoitwa yalikuwa mawili.

Papa aliniwekea mkono kwenye kifundo cha mkono. Alinishika hasa, vidole vyote. Nikamtazama. Alikuwa anamwangalia mama yako, na taya lake lilikuwa linacheza kama anatafuna kitu kigumu. Halafu akaniachia. Aliurudisha mkono wake kwenye goti lake, akaufunika na ule mwingine.

Sikuamua, Denise. Nataka ujue, kwa sababu watu sasa wananisifu njiani, wananiita msichana wa imani. Sikumfikiria Yezu wala watoto wa Bweyeye. Nisingeweza kukaa na yeye amesimama peke yake, basi. Nikasimama. Tukakutana katikati, akanishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, tukaenda mbele. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee katekista alitupa mshumaa ameuinamisha, nta ikamwagikia kidole changu, bado pana alama.

Baada ya misa Padri alimwita pembeni. Alimwambia kwa upole kwamba safari hii ni ya vijana waliomaliza shule, kwamba sote tumeelewa, kwamba hakuna atakayemlaumu akibaki. Mama yako akamsikiliza mpaka mwisho, unajua anavyosikiliza, halafu akasema, "Padiri, Yezu aliuliza nani miaka yake?" Padri akamwambia kuna matope, kuna milima. "Milima naijua. Nimesimama mbele ya Mungu, sitaikala chini tena." Basi kwa wiki hii shamba lake amemwachia shangazi yako, kuku wamekuja kwetu, na yeye amesaga unga na kuukausha, amefunga kila kitu kwa kamba, amefungua, amefunga tena.

Papa tulipokuwa tunatoka kanisani alitangulia mbele mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Mwaka moja. Moja, Josée." Tangu juzi anauliza madereva kilima gani cha Bweyeye kina mtandao, ili nikipande siku ya kuomba chuo. Amepata majibu matatu tofauti na ameyaandika yote kwenye kiganja. Naweza kukosa mwaka huu. Anajua kwamba naweza kukosa. Nikimwona anatazama kile kiganja natoka nje.

Na sasa, rafiki yangu, niko hapa, mzigo uko mlangoni, na sijisikii shujaa. Naogopa. Wewe ningejua kukaa na wewe. Lakini yeye nitamfanya nini? Miezi yote hiyo, chumba kimoja, akilia nitamwambia nini mimi, ambaye siwezi hata kumalizia "pole" bila sauti kukatika? Nami nikilia, si nitakuwa namwongezea? Analima vizuri kuliko mimi, anapika vizuri kuliko mimi, watoto watampenda yeye. Kitu pekee nilichonacho na yeye anakihitaji ni kwamba nilikujua, na nacho kinamuuma kila anaponiona. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nimeogopa kumwuliza mtu kwa sababu najua watasema nisali, na nasali, na bado sijui.

Jana nilikwenda kumsaidia kufunga mlango wa nyuma kwa mbao. Alikuwa amepanda kwenye kigoda, misumari mdomoni, mimi nimeshika ubao chini. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka akasema, "Denise, nipatie nyundo."

Hakusikia alichosema. Au alisikia, mgongo wake haukuniambia.

Nilimpa nyundo. Nikasema, "Hii hapa, Maman," naye akapigilia msumari mpaka mwisho.

Siwezi kukuahidi kwamba nitamfariji, wala kwamba nitarudi muuguzi, wala kwamba nitaacha kukukasirikia. Ninaloweza kukuahidi ni dogo. Kule juu, kila atakapokosea akaliita jina lako, shambani, jikoni, kwenye njia ya kisimani, mbele ya watu watakaotushangaa, hataliita likapotea hewani. Nitaitika. Na siku atakapoliita langu kwanza, bila kukosea, siku hiyo pia nitaitika, ingawa nadhani nitalia zaidi.

Lala, Denise. Kama kuna baridi huko ulipo, jifunike.

Mwenzako,
Josée